Jiwe la Kushikia Mtandao

Wapendwa, alikuwepo binti mmoja wa chuo, kwao kando ya ziwa, aliyetumwa pamoja na wanafunzi wenzake kwenda misheni nchi jirani, juu milimani. Kanisa zima lilimwekea mikono, kwaya ikaimba, akapanda basi anapunga mkono kama shujaa. Si mnajua tunavyoagana sisi? Kuondoka tunakuweza. Kufika ndiko kugumu.

Alipofika, baridi ndiyo iliyompokea. Wenzake wakagawanywa vijiji vingine, yeye akawekwa kwa mama mmoja mjane. Alikaribishwa vizuri sana, Kiswahili walielewana, lakini moyo haukukaa. Ugali wa pale haukuwa ugali wa kwao. Jioni ikiingia alitega sikio amsikie mama yake akifunga banda la kuku huku akigombana na jogoo, akasikia upepo tu.

Pale kijijini mtandao haukuwepo. Ila nyuma ya kanisa palikuwa na kilima, na juu ya kilima jiwe moja. Ukisimama juu yake simu inashika. Ukishuka tu, imekata. Basi binti akawa anapanda kila jioni, kanga kichwani kwa ajili ya upepo, simu ndani ya kanga, macho kayafumba, anaongea kilugha cha kwao na machozi yanamtiririka.

"Mama, leo mmekula nini?"

"Samaki. Na jogoo wako ana kiburi tangu umeondoka."

Anacheka, analia, hataki kukata. Nani atamlaumu? Kumkumbuka mama si dhambi.

Akishuka, giza limeshaingia, anamkuta mwenyeji wake chini ya kilima, kajikunyata ndani ya kitenge.

"Mama, usijisumbue kunisubiri. Njia naijua."

"Haya, mtumishi. Na sisi umetuombea?"

Binti akasita. Kumbe wanadhani anaomba kule juu, ananena kwa lugha! Angeweza kusema kweli. Lakini utamu wa kuitwa mwombaji tunaujua, wapendwa, na mimi naujua. Akajibu, "Nimewaombea, mama."

Ikawa hivyo jioni baada ya jioni. Kisha siku moja simu ya mama yake ikazima mapema, binti akashuka jua lingali juu. Yule mjane akampita mbio, akapanda jiweni, akachomoa kisimu chake kifuani. Hakikukaa mkononi, kikaita. Sauti ya mwanamume ikatoka kwa nguvu hata binti akaisikia:

"Wewe ndiye mama yake? Jamani, mama! Kijana wako kila jioni kabla ya giza anaazima simu yangu hapa machimboni, anakutafuta, hupatikani. Leo mchana wamepakiwa kwenye lori, wamepelekwa machimbo ya mbali, huko hata simu hakuna. Ameniomba nijaribu mara moja ya mwisho. Anakusalimia."

Mjane akabaki ameshika simu iliyokwisha kukatwa.

Binti akamkaribia. "Mama, siku zote hizi ulikuwa unasubiri jiwe? Mbona hukuniambia nikupishe?"

"Ungekuwa unaongea na mtu, ningekuambia. Wewe ulikuwa unaongea na Mungu. Mimi ni nani nikukatize?"

Binti akapiga magoti palepale. "Nilikuwa naongea na mama yangu."

Mjane akamwinua. Akavua kitenge, akamfunika mabegani.

"Hajambo lakini, mwanangu?"

Wapendwa, binti yule alikwenda kuwapelekea watu Mungu, akawakalia jiwe lao. Na sisi je? Tumelia mbele za Bwana kwa shida zetu, na ni haki yetu kulia. Lakini ni nani amesimama chini ya kilima chetu, anatetemeka, ananyamaza kwa sababu anatuheshimu? Yule dada anayetaka kuzungumza na mchungaji, na sisi wazee tumemzingira mchungaji kila Jumapili kwa mambo yetu? Mke nyumbani anayengoja neno moja, naye baba yuko kwenye mkesha? Heshima yao tumeifanya mto wa kulalia.

Tunakwenda kuomba sasa. Lakini msifumbe macho bado. Geukeni kwanza, kila mmoja, tazameni nyuma yenu. Nani amesimama pale?

Mpisheni.