Wimbo wa Nyamizi Kinywani mwa Komba

Paukwa.

Pakawa.

Sogeeni. Aliye karibu na kuni aongeze kijiti, tusikilizane.

Hapo kale, kale ya wazee wa wazee wetu, watu na wanyama walisemezana bila mkalimani. Katika nchi ya Mtemi Kasoga aliishi mwanamke mmoja, jina lake Nyamizi, mkulima wa mtama na mtunzi wa nyimbo. Mama yake alipofariki, Nyamizi alishika jembe la marehemu akaenda shambani, na huko huko, akipalilia, akatunga wimbo:

*Mama umeacha jembe, nani atapalilia?*
*Mtama waniuliza, nami nabaki kulia.*

Akauimba akilima, akauimba akipumzika, akauimba akirudi nyumbani. Wanawake waliolima naye wakaushika. Hakumkataza mtu. Aliwaambia, "Imbeni tu. Kila mmoja ana aliyemzika."

Mpakani mwa shamba lile palikuwa na mti wa mninga, na juu ya mninga alilala Komba. Komba mnamjua, mchana ndio usiku wake. Watu wakilima, yeye anakoroma. Jioni moja aliamka wimbo umemjaa kichwani. Akashangaa sana. Akasema, "Kumbe nimetunga wimbo usingizini."

Enzi hizo Komba alikuwa na sauti tamu. Akauimba kijiji hiki, akauimba kijiji kile, akauimba hadi uani kwa Mtemi. Watu wakatokwa machozi. Mtemi akatangaza, "Wimbo huu ni wa Komba. Mwingine asiuguse."

Nyamizi hana habari. Akaenda kisimani, akateka maji, akaanza kuimba. Mwanamke wa kijiji cha pili akamwambia, "Dada, acha. Huo ni wimbo wa Komba."

"Ni wangu," akasema Nyamizi.

Akaenda msibani kwa majirani, akaanza kuimba. Wafiwa wakamshika mkono. "Mwenzetu, acha. Huo ni wimbo wa Komba."

"Nadhani ni wangu," akasema Nyamizi.

Akaenda kwa shangazi yake, aliyesaidia kumlea, akaanza kuimba. Shangazi akamtazama kwa huruma. "Mwanangu, acha. Huo ni wimbo wa Komba."

"Shangazi, sijui ni wa nani," akasema Nyamizi.

Akarudi kwake kichwa kimemvurugika. Akajiuliza, je, niliusikia mahali nikasahau? Je, majonzi yalinichanganya akili? Akajaribu kuuimba kimoyomoyo, na ndani ya moyo wake mwenyewe akausikia kwa sauti ya Komba. Hilo ndilo lililomwumiza kuliko yote. Ilikuwa kama kumzika mama mara ya pili.

Kulipokucha akaenda kwa Mtemi, akapiga magoti.

"Mtemi, sikuja kushitaki. Nimekuja kuuliza. Wimbo wa jembe ni wa nani?"

Mtemi akamwita Komba. Komba akaja, macho mazito kwa usingizi.

"Komba, wimbo uliutunga wapi?"

"Juu ya mninga, Mtemi, nikiwa nimelala."

"Mama yako alikuwa na jembe?"

Komba akakuna sikio. "Hata mimi nimejiuliza hivyo hivyo. Kwetu hatulimi."

"Na chini ya mninga kuna nini?"

"Kuna shamba. Wanawake hulima pale."

"Wakilima kimya?"

Komba akageuka. Akamtazama Nyamizi, akatazama chini.

Wakaitwa wanawake wa shambani. Kabula, aliyekuwa akilima mstari mmoja na Nyamizi, akasema, "Siku Nyamizi alipouimba mara ya kwanza tulikuwa naye. Tuliweka majembe chini tukalia. Wakati huo Komba alikuwa hajauimba hata neno moja."

Komba akasema kwa sauti ndogo, "Mtemi, mimi sikuiba. Mwizi anajua anachochukua. Ila kama huu si wangu, basi mimi nimetunga nini?"

Mtemi akashika kidevu. "Huyu hakuiba," akasema, "na huyu ameibiwa. Mimi niamue vipi?"

Nyamizi, akiwa angali amepiga magoti, akasema, "Mtemi, aimbe. Sikumnyima mtu wimbo, na yeye simnyimi. Lakini kabla hajauanza, aseme nani aliutunga na nani alikuwa akililiwa. Akininyima hilo, mama yangu anapotea."

Mtemi akalikubali neno lile, likawa sheria ya nchi yake. Hata hivyo, sheria ina miguu mifupi. Watu wa vijiji vya mbali waliendelea kusema ni wimbo wa Komba, na Nyamizi alipopita huko walimsahihisha. Hakujibizana nao. Alitaja jina lake, akataja la mama yake, kisha akaimba mpaka mwisho.

Komba naye? Tangu siku ile, kila wimbo ukimjia, anauanza, halafu anajiuliza, "Huu ni wangu, au niliusikia?" Anaukatiza. Anaanza mwingine, anaukatiza. Anaanza wa tatu, anaukatiza. Ndiyo maana mkimsikia juu ya mti sauti yake hukatikakatika kama ya mtoto anayelia, na hadi leo hajamaliza wimbo hata mmoja.

Yangu yameishia hapo. Ngano hii alinipa bibi yangu, Nyanzala, binti wa Mwashi. Mkiwasimulia wengine, mtajeni yeye.