Ngumi ya Pili ya Ambakisye

"Uzito wa ngumi aujuaye aliyepigwa." Mmeisikia leo sokoni, mkacheka, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Endeleeni kumenya ndizi, nami niwaambie, maana siku methali hiyo ilipozaliwa nilikuwapo.

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nikiishi hapa Tukuyu kwa dada yangu Tusekile. Mumewe alikuwa Ambakisye Mwasomola, bondia wa uzito wa juu. Alikuwa mkubwa hata akisimama mlangoni chumba kinaingia giza, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Alikuwa amepigana miaka kumi na minane. Sasa alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuona ukungu. Nanyi mnaujua ukungu wa kwetu. Asubuhi nyingine alisimama uani akatuuliza, "Huu ni wa nje, au ni wangu?" Tukimwambia ni wa nje, alitabasamu. Tukinyamaza, alijua.

Mwaka huo mji ulikuwa unakaribia kumaliza ukumbi mpya, na baadhi ya watu wakataka uitwe kwa jina lake. Hapo ndipo maneno yalipoanza. Gwamaka, fundi redio, ambaye hakuna pambano lililompita bila kulisikiliza, alisema dukani kwake: "Ambakisye kashinda mara nyingi, sikatai. Lakini kamshinda nani? Nchi hii mabondia wa uzito wa juu ni wa kutafuta kwa tochi. Alikuwa anaokotewa magunia ya viazi."

Maneno yale yakatembea mpaka yakafika kwetu. Shemeji akawa anakula nusu sahani na kukaa muda mrefu akiitazama mikono yake. Siku moja akazitoa glavu msumarini, akasema amekubali kupigana na kijana wa Mwanza, wa miaka ishirini na minne, ambaye hakuna aliyethubutu kumwita gunia.

"Baba Lusekelo, daktari alikwambia nini juu ya hilo jicho?" dada akamuuliza.

"Pambano moja tu."

"Ili iweje?"

"Ili wajue." Akazipangusa glavu vumbi. "Na mimi nijue."

Jumamosi asubuhi watu wakakutana ndani ya ukumbi ule kuzungumzia jina. Madirisha yalikuwa bado hayana vioo, kwa hiyo ukungu uliingia, ukakaa katikati yetu. Watu wa upande wa pili niliwaona mabega na kofia tu, na sauti zao zilitufikia polepole, kana kwamba zilipitia majini. Mpaka leo nikiikumbuka asubuhi ile, najiuliza kama sikuiota.

Gwamaka alisimama. Hakuwa mtu mbaya, alizungumza kwa adabu. "Chukueni mfano wa yule bondia wa Songea, Osmund Komba. Raundi ya pili, ngumi moja, chali. Ushindi wa namna hiyo nao tuuandike ukutani?"

Watu wakacheka. Ambakisye, aliyekaa nyuma kabisa, akainamisha kichwa.

"Komba ni mimi," ikasema sauti karibu na mlango.

Kicheko kikakatika. Akasogea mbele mtu mnene mwenye mvi, koti lake likidondosha maji. Alikuwa amesafiri kwa basi tangu jana yake. Alisikia redioni habari za pambano jipya, akaja kumtafuta Ambakisye, na pale stendi akaelekezwa ukumbini.

"Ndugu yangu," akamwambia Gwamaka, "redio ilikwambia nini siku ile?"

"Kwamba ulipigwa, ukaanguka."

"Mimi nilikuwa mbeba magogo. Nilipigana na watu kumi na wanne, na sikuwahi kupiga goti. Ngumi ile iliponifika sikusikia maumivu. Nilimsikia mama akiniita nikale. Mama alifariki nikiwa na miaka minane. Nikauona moshi wa jiko letu, nikasikia harufu ya mahindi mabichi. Nikashusha mikono ili niende."

Akajifuta maji usoni kwa mkono wa koti.

"Lakini jicho langu moja lilibaki ulingoni. Likaiona ngumi ya pili inakuja, na kidevu changu kiko wazi. Ingefika, nisingerudi. Ikasimama hapa." Akaweka kiganja karibu na shavu lake. "Huyu bwana akaurudisha mkono, akanidaka kwapani, akanishusha taratibu. Wewe ulisikia nimeanguka. Mimi sikuanguka. Nililazwa."

"Mbona miaka yote hukusema?" Gwamaka akauliza, sauti imempungua.

"Nani aliniuliza? Mkitaka kumpima bondia mnamuuliza mwamuzi na mtangazaji. Uzito wa ngumi aujuaye aliyepigwa."

Kisha akageuka. "Ambakisye, nimekuja kukuomba usipande ulingoni. Huyo kijana, sijui kama ngumi yake inajua kusimama."

Shemeji aliinuka polepole. "Nilidhani hukuona," akasema. "Mwalimu wangu alinigombeza sana siku ile. Alisema anayezuia ngumi ya pili si bondia, ni mwoga. Miaka yote nimeuonea haya mkono huu."

"Nina watoto watano," Komba akajibu. "Wote wamezaliwa baada ya mkono huo."

Ambakisye akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akalia mbele yetu sote. Dada akasimama kando yake, asimwambie anyamaze.

Pambano na yule kijana wa Mwanza halikufanyika. Na jina la ukumbi halikuamuliwa asubuhi ile, kwa sababu watu walisahau kupiga kura. Walimzunguka Komba wakimuuliza moshi ule ulikuwaje, na mama yake alivaa nini. Gwamaka ndiye aliyembebea mkoba mpaka nyumbani kwetu, akala naye sahani moja.

Wiki iliyofuata, bombani, wanawake wawili walikuwa wakimsema mkunga mmoja aliyestaafu, kwamba alikuwa mkali na hana lolote la kukumbukwa. Mama mmoja aliyekuwa amenyamaza muda wote akajitwika ndoo yake. Kabla hajaondoka akasema, "Mimi nilizalia mikononi mwake, na mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Uzito wa ngumi aujuaye aliyepigwa."