Pimbi na Majani ya Profesa Kiboko

Hapo kale mno, wanangu, wanyama walikuwa na chuo kikuu chao, na uonevu wao vilevile. Mkuu wa chuo, Mzee Tembo, alimpa Pimbi kazi ya kusikiliza malalamiko ya wanafunzi. Mnajua kwa nini Pimbi? Kwa sababu ni mdogo, na miguu yake ni mifupi! Wakubwa walidhani hatafika mbali. Kusikiliza, ruhusa, kuadhibu, marufuku. Kazi gani hiyo!

Siku moja Digidigi aliingia ofisini kwake, machozi chururu.

"Kaka Pimbi, Profesa Kiboko amenifelisha! Kesho baraza linanifukuza chuo."

"Kisa?"

"Kila alfajiri tunamkatia majani, tunampelekea nyumbani kwake. Juzi mama aliugua, sikupeleka. Lakini usinitaje, tafadhali! Mdogo wangu naye yuko darasani kwake."

Damu ilimchemka Pimbi. Alitamani akamng'ate Kiboko sikio saa ileile. Lakini angemng'ata, Digidigi angepata nini? Akaimeza hasira yake, chungu kama shubiri.

Kesho yake ukumbi wa baraza ulijaa walimu na wazazi. Pimbi akapanda juu ya kiti ili aonekane.

"Waheshimiwa, nina lalamiko. Yuko mwalimu huletewa majani na wanafunzi. Jina silitaji, kazi yangu hainiruhusu. Ila nawaombeni tumsamehe, maana ni mnyonge, hana hadhi yoyote. Mwaka mzima kaambulia kitita kimoja tu, tena cha majani makavu!"

Walimu wakaangua kicheko, kwa kwa kwa! Mwalimu Nyati akamtupia Kiboko jicho la pembeni. Weee! Kiboko akafura, akainuka, kiti kikavunjika, kraa!

"Kitita kimoja? Mnyonge nani? Mimi naletewa mabichi matupu, na darasa zima, kila alfajiri! Asiyeleta namfelisha! Huyo Digidigi alijitia ana mama mgonjwa, si nimemfelisha?"



"Ahsante, Profesa," Pimbi akasema. "Tumekusikia sote."

Hapo wazazi wakalipuka. Meza zikapigwa, kwato zikagonga sakafu. Tembo akaona hana pa kukimbilia, akamwachisha Kiboko kazi palepale. Mtihani wa Digidigi ukasahihishwa upya na mwalimu mwingine, naye akafaulu vizuri tu.

Kikao kilipokwisha, Tembo akamwendea Pimbi huku anatabasamu.

"Hongera, kijana wangu. Umetusafishia chuo."

"Usinipongeze!" Pimbi akafoka. "Majani yale yalipita mlangoni kwako kila alfajiri, harufu yake inanuka chuo kizima. Na hapa chuoni, Mzee, nani ana pua ndefu kukushinda wewe?"

Tembo akakunja mkonga wake, asijue auweke wapi.

Basi wanangu, mwenye kiburi hujifunga kwa mdomo wake, na anayejua akanyamaza ni mwenzake.