Mkaratusi wa Nakiete

Katika milima hii ya Upare hakuna mwanamke anayeijua miti kunishinda mimi. Nimeangusha mmoja tu maishani, mpapai, nao ukaangukia choo. Lakini mmemsikia babu yenu akisema, "Mkata mti hufyeka njia kwanza," nanyi mnataka kujua usemi huo umetoka wapi. Kaeni niwaambie mimi, maana yeye hatawaambia.

Nilikuwa na miezi mitatu tu katika ndoa. Jirani yetu Nakiete, mjane mwenye watoto wanne, alikuwa na mkaratusi uliopigwa na radi nyuma ya nyumba yake. Ulikuwa umekauka, umeoza ndani, ukiugonga unalia kama mtungi mtupu, na ulikuwa umeinamia paa. Tawi moja lilishaanguka likatoboa bati juu ya kitanda cha watoto. Upepo wa vuli ulikuwa njiani, na mahali pengine pa kulala hakuwa napo.

Siku hizi mngemwita mtu wa msumeno wa mashine. Wakati ule lilipigwa baragumu tu. Mkilisikia mnajua ni msaragambo, kazi ya kijiji kizima, na kila nyumba inatoa mtu. Hakuna aliyeuliza atapata nini. Mpaka leo nikinusa majani ya mkaratusi nalisikia lile baragumu, na wengi waliokuja siku ile sasa tunapalilia makaburi yao.

Washika shoka walikuwa wawili: Mzee Kangero, mtu wa maneno machache, na babu yenu Mbonea, ambaye wakati ule alikuwa na kifua na alijua anacho.

Kangero hakugusa shoka. Aliuzunguka mti akitazama matawi makavu juu, akawaondoa watoto na mbuzi, akataka kamba mbili zifungwe juu na wanaume wazivute kutoka shambani, mbali kuliko urefu wa mti. Halafu akaanza kufyeka. Nyuma ya mti kulikuwa na kichaka cha miiba. Akafyeka humo kijia cha mshazari, hatua ishirini, akaokota hata mawe. Desturi ilikuwa kila mshika shoka ajifyekee njia yake. Kumfyekea mwenzako ni kumwita mwoga.

Babu yenu alikuwa amekaa juu ya gogo akila makande.

"Mzee, unakata mti au unachonga barabara ya kwenda Same?"

"Nakata mti."

"Mwanamume hakati mti huku anapanga kukimbia."

"Vizuri," Kangero alisema. "Basi nitakukuta hapohapo."

Watu walicheka. Nami nilicheka kwa kujivunia mume, mjinga mimi.

Wakakata pengo upande wa shamba, kisha wakahamia nyuma. Mti ulipolia mara ya kwanza, Kangero alipaza sauti, "Vuteni!" Kamba zikakaza, kilele kikaanza kuelekea shambani, Nakiete akapiga kigelegele kabla ya wakati. Ghafla shina, kwa ule uozo, likapasuka katikati na kujipinda. Kangero akatupa shoka akashika kijia chake. Mbonea akatazama kulia, miiba. Kushoto, miiba. Akarukia kijia cha mzee, akamsukuma begani, akampita. Mzee akaanguka kwa magoti. Kitako cha mti kikaruka nyuma kikatua shubiri moja tu kutoka visigino vyake.

Vumbi lilipotulia, nyumba ya Nakiete ilikuwa imesimama. Mzee Kangero alitokea kichakani akichechemea. Babu yenu alikuwa ameshafika zamani, kasimama kwetu wanawake tuliokuwa tukiandaa ndizi za kuwapikia wafanyakazi, mikono kiunoni, anahema.

"Umepita njia yangu," Kangero alisema polepole. "Nusura uniue."

"Njia yako? Nimepita yangu, mzee. Niliifyeka leo alfajiri, nyinyi bado mmelala. Mti ndio umeifunika."

"Uliifyeka kwa kitu gani?"

"Kwa panga langu! Ningefyeka kwa meno?"

Mimi nikainamisha kichwa nikaendelea kumenya ndizi. Nakiete akanitazama mkono, akamtazama Mbonea, akanitazama tena mkono.

"Wifi," akasema, "hilo si ndilo panga la mumeo? Ulilileta jana jioni tukatie ndizi, likalala jikoni kwangu. Au yeye analo lingine?"

Watu wakageuka kunitazama. Wote waliyajua mapanga yetu, tulikuwa nalo moja. Ningeweza kumwokoa mume wangu kwa neno dogo tu. Nikalinyanyua panga juu, limejaa utomvu wa ndizi, ili hata walioko nyuma waone.

Mzee Kangero akafuta damu gotini kwa jani.

"Mkata mti hufyeka njia kwanza, kijana wangu," akasema.