Siku Debe la Bi Tusekile Liliponyamaza

Hata angani hupigwa hodi. Mmemsikia fundi wa mashine akimwambia hivyo yule aliyetaka kuingia ghalani bila kuuliza, mkacheka, kisha mkanigeukia mimi: angani kuna mlango gani wa kupigwa hodi? Swali zuri. Nyinyi mnadhani kila methali ilitungwa na babu wa babu zenu. Hii bado changa, na walioizaa wangali wanakula wali kama nyinyi. Foleni ya kukoboa ni ndefu, kwa hiyo kaeni juu ya magunia niwaeleze ilikotoka.

Katika skimu ya Lyamsanga, kule mpunga unakomwagiliwa kwa mfereji mmoja mrefu, alikuwapo fundi cherehani aitwaye Atuganile. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Mdogo wake anayefanya kazi mjini alimletea droni, kile kidege kisicho na rubani ambacho mtu hukiongoza akiwa chini. Mwingine angekifanyia biashara. Yeye alikipenda tu. Jumamosi, akishafunika cherehani, alikirusha juu ya majaruba, vile vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, akatazama kwenye kioo jinsi maji yanavyogawanyika, na jinsi shamba la huyu lilivyo kijani na la yule lilivyoanza kukauka. Alisema alizaliwa bondeni lakini alikuwa hajawahi kuliona bonde.

Alikuwa na kawaida moja iliyowachosha watu. Hakukirusha kabla ya kuuliza. Siku alipokwenda kukisajili alielezwa sheria za anga: usipite kimo ulichopangiwa, usikipeleke karibu na kiwanja cha ndege, usikipitishe juu ya vichwa vya watu, usikiache kipotee machoni pako. Na kwa kuwa anga huweza kufungwa leo na kufunguliwa kesho, akaambiwa aulizie kila mara. Wengi hulisikia hilo la mwisho na kulisahau mlangoni. Atuganile alilishika kama alivyoshika mafunzo ya mama yake. Kila Jumamosi alipiga simu ofisi ya wasimamizi wa anga, akataja jina lake, mahali alipo na muda anaoutaka. Akipewa ruksa, anarusha. Simu isipopokelewa, anakirudisha kidege sandukuni na kwenda kupika.

"Mbona wiki iliyopita ulikubaliwa?" watu walimwuliza.

"Na wewe wiki iliyopita ulikaribishwa kwa jirani," alijibu. "Leo utaingia tu bila kubisha?"

Wakambandika jina la Mama Hodi. Kwenye harusi ya binti wa mwenyekiti wa skimu, Mzee Ngwisa, aliombwa apige picha za bonde na nyumba kutoka juu. Simu haikupokelewa, naye akapiga picha za chini kama mpiga picha mwingine yeyote. Mzee Ngwisa alinuna mpaka keki ikaliwa. "Anga la Mungu," alisema, "siku hizi linaombewa ruhusa kama choo cha shule." Mzaha huo ulizunguka bonde zima, na Atuganile akaucheka pia, kwa sababu ulikuwa mzuri.

Msimu uliofuata, mpunga ukiwa umeanza kutia maziwa, wakaja kwelea kwelea. Kama hamjawaona, msiombe kuwaona. Mmoja ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, lakini haji mmoja. Linakuja wingu zima, linatua jarubani, na likiinuka yamebaki mabua. Watu wakahamia mashambani kuamia ndege kwa madebe, kwa makombeo, kwa kanda kuukuu za kaseti zilizofungwa kwenye miti zivume na upepo, na zaidi ya yote kwa sauti zao.

Mama yake Atuganile, Bi Tusekile, alikuwa na majaruba mawili mwisho kabisa wa mfereji, yakipakana na kinamasi cha matete. Huo ndio uliokuwa mpunga wake wote wa mwaka. Tena ilikuwa mbegu ya zamani, ndefu na yenye harufu, ambayo wengine waliiacha kwa kuwa inachelewa kukomaa. Ukiondoa majaruba yale mawili, mbegu hiyo haikuwapo tena Lyamsanga. Kikongwe alikuwa amepiga kelele mpaka sauti imemkauka, ikawa akisema inabidi umsogelee. Atuganile alifunga cherehani mapema kila siku akaenda kumsaidia, na kila alipomwona mama yake akiinua mti wa kupigia debe, roho ilimuuma.

Alasiri moja Mzee Ngwisa alimfuata jarubani, na nyuma yake kundi la wakulima. Safari hii hakuwa na mzaha, hata akamwita kwa jina la mwanawe. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mama Lusajo," alisema, "tumekumbuka kitu. Kile kidege chako kikipita, ndege wote huruka. Kilete ukizungushe hapa juu ya matete kiwafukuze. Bonde linakwisha."

Atuganile hakuhitaji kubembelezwa. Alikwenda nyumbani mbio, akarudi na sanduku, akakitoa kidege na kukikunjua mbawa. Watu wakaanza kutabasamu. Kisha akatoa simu, na kundi zima likaguna.

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Ya tatu nayo hivyohivyo. Atuganile akaketi chini kando ya sanduku.

"Haya, umebisha," akasema Mzee Ngwisa. "Hawakujibu. Rusha."

"Kimya cha mwenye nyumba si karibu, mzee."

"Kwani huko juu yuko nani? Mimi naona kwelea tu, nao wanakula mpunga wa mama yako."

Neno hilo lilimchoma. Aligeuka akamtazama mama yake, ambaye alikuwa kwenye tuta la pili akipiga debe taratibu kama mtu anayetwanga usingizini. Kidole cha Atuganile kilikuwa tayari kwenye kitufe. Baadaye alikiri kwamba kama mama angemwambia neno moja tu, angerusha, na sheria zote zingebaki kule zilikoandikwa. Mama hakusema neno. Basi Atuganile akaondoa kidole, akampigia bwana shamba wa kata, na simu yake ikawa haipatikani. Wengine wakaanza kuondoka wakinung'unika kwamba mtu anaweza kufa njaa akisubiri kukaribishwa.

Ndipo simu yake ikaita. Akaifungulia sauti ili wote wasikie.

"Mama wa Lyamsanga," ilisema sauti ya mwanamke wa ofisi ya anga, "nimeona simu zako. Umeshakirusha?"

"Bado. Nilikuwa nakungoja."

Upande wa pili mtu alishusha pumzi. "Mungu akubariki. Usikirushe. Sikupokea kwa sababu nilikuwa nazungumza na rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa. Ilikuwa iende bonde jingine, lakini wataalamu wamegundua kwamba kwelea wote wa upande huo wanalala kwenye matete yenu. Inakuja kwenu leo, jua likizama. Atapita chini sana, kimo cha miti. Anga lenu limefungwa."

Mzee Ngwisa aliinama akakitazama kile kidege majanini, kisha akatazama juu ya matete, mahali palepale alipotaka kipelekwe.

"Na kuna jambo la pili," sauti iliendelea. "Ndege wasishtuliwe karibu na matete. Wakishtuka watalala kwingine, na dawa itaangukia majani matupu. Ndege hii ikiondoka hairudi tena msimu huu, kuna mabonde mengine yanaisubiri. Waondoeni watu na mifugo kinamasini, kisha mtulie."

"Hata madebe?" Atuganile aliuliza.

"Kule mbali pigeni. Karibu na matete, hata madebe yasipigwe."

Mnaelewa maana yake? Majaruba yaliyopakana na matete yalikuwa ya mtu mmoja. Watu wote waligeuka wakamtazama Bi Tusekile. Nani angemwendea mama mzee kumwambia awaache ndege wale mpunga wake, huku anaangalia, ili wa wengine upone?

Atuganile alitembea juu ya tuta mpaka alipo mama yake. "Mama," alianza.

"Nimesikia. Kilichokauka ni koo, si masikio." Bi Tusekile alikuwa anautazama mpunga wake. "Ulipokuwa mdogo nilikufundisha nini ukifika kwa watu?"

"Nipige hodi."

"Na mwenye nyumba akisema subiri?"

"Tunasubiri nje."

"Basi tusubiri nje." Alilifudikiza debe juu ya tuta, akakaa juu yake.

Wanangu, kuamia ndege ni kazi, lakini kunyamaza siku ile kulikuwa kazi kubwa zaidi. Kwelea walizunguka mara moja, wakaona hakuna kelele, wakashuka. Walitua juu ya mpunga wa Bi Tusekile mpaka mashuke yakainama, na watu waliokuwa matutani wakausikia mlio wa maganda yakipasuliwa, mwembamba, usiokoma. Mzee Ngwisa alivua kofia kama aliye msibani. Atuganile alikuwa akilia waziwazi, huku mama yake, ambaye mpunga ulikuwa wake, amekaa wima juu ya debe akihesabu hasara yake bila kupepesa. Mimi nimewaona watu hodari wengi katika maisha yangu, lakini ukiniambia nitaje ujasiri, nitamtaja yule bibi juu ya debe.

Jua liliposhuka watu wakasogea mbali. Wale ndege wakainuka kwa pamoja, wakajiviringisha hewani wakiwa wameshiba na bila wasiwasi, wakamiminika kwenye matete mpaka matete yakalemewa. Walipotulia ndipo ndege ya dawa ilipokuja. Ilikuja chini kiasi kwamba watu waliinama bila kutaka, ikapita juu ya matete, ikageuka, ikapita tena na tena. Pale ilipokatiza ndipo kidege cha Atuganile kingekuwa kinazunguka. Rubani ndani yake alikuwa mtoto wa mtu. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kingetokea nini.

Asubuhi bonde lilikuwa kimya kwa namna nyingine. Wataalamu walipita wakiwaonya watu wasiokote wala kula ndege waliokufa, wakawafukia. Mpunga wa Lyamsanga ulikomaa ukavunwa, mfereji mzima kutoka juu mpaka chini, isipokuwa kule mwisho. Jaruba moja la Bi Tusekile lilibaki mabua. Katika lile la pili, Atuganile alipekua kwa mikono, shuke moja baada ya jingine, akapata yale yaliyolala chini ya wenzake ambayo ndege hawakuyafikia. Yalitosha kujaza kibuyu. Chakula hakikuwapo, lakini mbegu ilikuwapo.

Baada ya mavuno Bi Tusekile na binti yake walikuwa jikoni waliposikia vishindo uani.

"Hodi," ilisema sauti ya Mzee Ngwisa.

Atuganile alitaka kuinuka. Mama yake alimshika mkono, akaweka kidole mdomoni.

"Hodi," akarudia. Kisha mara ya tatu, "Hodi hapa."

Kimya. Mzee Ngwisa alikuwa amebeba gunia la mpunga begani, na nyuma yake wakulima wa mfereji mzima, kila mmoja na gunia lake. Aligeuka akaanza kurudi barabarani na mzigo wake.

"Mzee, wamo," alisema mmoja wao. "Si unaona moshi jikoni?"

"Nauona," alijibu bila kusimama. "Lakini kimya cha mwenye nyumba si karibu."

Ndipo ikatoka ndani sauti ambayo bonde lilikuwa halijaisikia tangu kwelea walipokuja, imeshapona, tena ina kicheko: "Karibu, Mzee Ngwisa. Nilitaka kujua tu kama somo limekuingia."

Mzee aliingia, akatua gunia mbele ya Bi Tusekile, na wenzake wakatua yao mpaka pa kukanyaga pakakosekana. Hakujitetea. Alifuta jasho, akamtazama Atuganile, kisha akamtazama mama aliyemlea, akasema polepole maneno ambayo sisi wote tuliokuwapo tulikwenda nayo nyumbani.

Sasa zamu yetu inakaribia, inukeni. Lakini kwanza vuteni pumzi. Hiyo harufu mliyoisikia tangu asubuhi humu mashineni, mkauliza ni mpunga wa nani unaonukia namna hiyo, ni ya mbegu ya kile kibuyu. Kila mwenye jaruba Lyamsanga anayo leo. Wangerusha siku ile bila kuuliza, kwelea wangelala kwingine na kurudi kuimaliza hata hiyo ya kibuyu, nanyi msingeisikia. Ndiyo maana tunasema: hata angani hupigwa hodi.