Kamba ya Mafundo Matano ya Bi Kindi

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe uliyesimama mlangoni ingia ndani. Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na majiko yao, nyua zao na majirani wao wa kugombana nao, aliishi Bi Kindi, mkaanga vitumbua.

Alikuwa mdogo, mdogo hasa. Akisimama nyuma ya chuma chake cha vitumbua, wateja waliona masikio mawili na mkia tu. Lakini mikono yake! Aliloweka mchele tangu jana yake, akautwanga, akautia tui zito la nazi na hiliki, akauacha uumuke taratibu. Kitumbua chake kilikuwa kikavu kidogo nje, ndani laini, na harufu yake ilimfanya hata aliyeshiba ajione ana njaa.

Tatizo ni kwamba biashara ilipanda na kushuka. Gulio la msituni lilikuwa kila Alhamisi. Alhamisi hii Kindi anamaliza beseni zima saa nne asubuhi. Alhamisi inayofuata anarudi nyumbani na beseni limejaa pomoni, vitumbua vimepoa, anawagawia ngedere wa mtaani huku roho inamuuma.

Siku moja akiwa anarudi hivyo, Bi Kobe, jirani yake mwenye kuona yote na kusema yote, akamsimamisha.

"Shoga, leo imekuwaje tena?"

"Hata sijui. Wiki iliyopita walinigombania. Leo wamenipita kama hawanioni."

"Wiki iliyopita ulifanya nini?"

"Nilikaanga tu. Ilikuwa bahati yangu."

"Bahati!" Bi Kobe akacheka hadi gamba likatikisika. "Mimi nilikuwepo. Ulikaa upande wa juu wa lango la gulio, upepo ukashusha harufu njia nzima. Leo ulikaa wapi?"

"Upande wa chini," Kindi akajibu polepole. "Kulikuwa na kivuli."

"Na yule Punda mchukuzi ulimpa kimoja aonje. Kila alipotua mzigo akawa anakisifia. Leo umempa?"

"Leo nilisahau."

"Na ulikuwa unaimba, shoga. Leo?"

"Leo sikuwa na raha ya kuimba."

Kindi akatua beseni chini, pu! Moyo ukaanza kumwenda mbio. Kumbe haikuwa bahati! Kumbe kila kitu kilichomletea wateja alikifanya yeye mwenyewe, kisha akakisahau, kisha akakaa kushangaa.

"Bi Kobe," akasema, "nataka nifanye yaleyale kila Alhamisi. Niwe na raha, nisiwe na raha. Nikumbuke, nisikumbuke."

"Utakumbukaje usipokumbuka?"

Kindi akamvuta mkono hadi nyumbani kwake. Aliketi barazani, akasokota kamba ya ukili wa mkindu, akafunga fundo. Hilo la kwanza lilikuwa la kuwahi na kukaanga upande wa juu, kwenye upepo. Akafunga la pili: kuwaonjesha wachukuzi, kwa sababu wao hufika kila mahali na midomo yao haipumziki. La tatu lilikuwa wimbo, mara tatu kwa siku. Hapo akasita, akitafuna ncha ya kamba.

"Mteja akija," akamuuliza Kobe, "nitajuaje kilichomleta?"

"Si umuulize! Una mdomo wa nini?"

Basi fundo la nne likawa la kuuliza: nani amekuelekeza kwangu? Na la tano, ambalo Kindi alilifunga kwa tabasamu, lilikuwa la kumpelekea kitumbua cha asante kila aliyemwelekeza mtu, kabla jua halijazama.

Alhamisi iliyofuata akaipitisha kamba vidoleni, fundo kwa fundo. Vitumbua vikaisha. Alhamisi ya pili, vikaisha. Ya tatu ilipokaribia akashikwa na homa, meno yanagongana, ka-ka-ka-ka! Hawezi hata kuinuka. Akamwita Bi Kobe, akampa unga na kamba.

"Mimi?" Kobe akashtuka. "Mimi nikienda kuchota maji narudi kesho yake!"

"Fuata mafundo tu, shoga. Usiruke hata moja."

Bi Kobe akaondoka tangu jana yake ili awahi. Na Ijumaa mchana Kindi, akiwa bado kitandani, alimwona anarudi na beseni tupu kichwani. Kindi akasahau homa, akapiga makofi. Siku hiyo ndipo alipojua kwamba biashara yake imesimama kwa miguu yake.

Sasa, wanangu, mahali penye harufu nzuri hafiki mwenye njaa peke yake. Hufika na mwenye kijicho.

Bwana Kiboko alikuwa na kibanda chake kule kisimani, mwisho wa gulio. Yeye pia alianza kukaanga vitumbua, vikubwa kama sahani, nje vimeungua, ndani unga mbichi unachuruzika. Hakuna aliyevinunua mara mbili. Badala ya kwenda kujifunza kukaanga, alikwenda kwa shemeji yake, Mzee Kifaru, mkuu wa gulio.

"Shemeji, yule mdogo kakaa langoni, mahali pazuri kuliko pote. Mtu mwenye mwili kama wangu anakaa kisimani! Ni haki hiyo?"

Kifaru hakuwa na mawazo mengi, na machache aliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiboko. Akapiga mbiu.

"Alhamisi ya pili kuanzia leo, adhuhuri, nitapiga baragumu! Mwenye foleni ndefu kati ya Kindi na Kiboko atakaa langoni. Mwenye foleni fupi asionekane tena katika gulio hili!"

Kindi aliposikia, mkia ulimsimama. Gulio lilikuwa maisha yake yote. Lakini alipoishika kamba yake mfukoni, akapumua.

"Sawa," akasema. "Tutaonana."

Alhamisi ya kwanza Kiboko alikuja na ngoma mbili kubwa. Alikuwa amemchungulia Kindi, akadhani ameelewa. Onjo? "Nimpe mtu bure? Labda nimepagawa!" Akaliruka. Kuwauliza wateja? "Kwani mimi karani?" Akaliruka na hilo. Wimbo tu ndio aliouchukua, akautia jina lake, akaachama ule mdomo wake:

"VITUMBUA VYA KIBOKOOO!"

Vumbi likatimka, mbuni wakaangusha vikapu, digidigi wakakimbilia vichakani, vuu! Hakuuza hata kimoja. Na kule langoni foleni ya Kindi ikazunguka mti mara mbili.

Jumatano alasiri, siku moja kabla ya shindano, Kindi alikuwa akitwanga mchele uani. Akaona kinu kinatikisika chenyewe. Kumbe ni hatua za Kifaru na Kiboko. Walisimama mlangoni, uani pakawa giza.

"Hodi!"

"Karibuni, wazee wangu. Kuna jema?"

"Tunaitaka ile kamba," Kiboko akasema. "Gulio zima linajua una kamba. Ndiyo dawa yako."

"Si dawa, Bwana Kiboko. Ni utaratibu tu wa kuitangaza biashara yangu."

Wakatazamana, wakacheka. "Anatuficha huyu! Eti utaratibu! Kitu gani kinachovuta watu kila Alhamisi kama si dawa?"

Kifaru akainua mguu mmoja juu ya kinu. "Utoe kamba, au nikanyage hapa, kisha nikanyage na pale," akaelekeza pembe yake kwenye nyumba.

Kindi alitetemeka hadi ncha za masharubu. Akaitazama nyumba yake, chuma chake, mchele wake. Halafu akautazama mdomo wa Kiboko. Mdomo mpana! Mdomo unaosikika hadi ng'ambo ya milima mitatu! Wazo likamjia, tii! Akainamisha kichwa ili wasimwone anavyotabasamu.

"Basi, wazee wangu, sina nguvu ya kushindana nanyi. Chukueni. Lakini wiki jana Bwana Kiboko aliruka mafundo. Ilikuwaje?"

"Sikuuza hata kimoja," Kiboko akanung'unika.

"Na alibadili maneno ya wimbo. Ilikuwaje?"

"Walikimbia."

"Ndiyo hivyo. Kamba inafuatwa kama ilivyo. Usiongeze, usipunguze."

"Umesikia, shemeji?" Kifaru akasema kwa ukali. "Usiongeze, usipunguze!"

Kindi akawafundisha fundo kwa fundo, bila kuwadanganya hata neno moja. Walipofika kwenye onjo, akasema, "Mimi huwaonjesha wachukuzi vitumbua hivi hivi vyangu. Vichukueni hivi nilivyowakaangia wachukuzi leo."

"Bure?" macho ya Kiboko yakang'aa.

"Bure kabisa. Simama njia panda, kila anayepita mpe, huku unaimba wimbo kama ninavyouimba mimi."

Akawaimbia, nao wakarudia:

"Chwaa! Chwaa! Chuma chaita,
Vitumbua vya Kindi, langoni utavipata!
Onja kimoja, cha pili utakifuata,
Njoo na jirani, peke yako utajuta!"

Kiboko akakunja uso. "Mbona wimbo unamtaja Kindi?"

"Wiki jana ulimtaja nani?" Kindi akauliza kwa upole.

"Mimi mwenyewe."

"Uliuza vingapi?"

"Shemeji!" Kifaru akafoka. "Usiiharibu dawa ya watu! Imba kama ulivyofundishwa!"

Wakaondoka na kamba, na beseni la vitumbua, wanaimba njia nzima. Bi Kobe akatoa kichwa nje ya gamba upande wa pili wa ua, machozi yanamlengalenga.

"Shoga, umewapa kila kitu!"

"Nimewapa kamba. Ukili si upo? Nitasokota nyingine. Hebu nisaidie kutwanga, shoga, kesho tutahitaji mchele mara tatu ya huu."

Alhamisi ilipopambazuka, Kindi na Kobe walikuwa tayari upande wa juu wa lango, chuma kina moto. Kindi alikaanga, akageuza kwa kijiti, akapanga. Lakini njia ilikuwa tupu. Jua likapanda. Bado tupu. Bi Kobe akaanza kuguna. Kindi mwenyewe akawa anachungulia njia. Je, kama Kiboko amebadili maneno? Je, kama amevila vile vitumbua vyote peke yake?

Mara, kutoka mbali, upepo ukaleta sauti nene kama radi:

"CHWAA! CHWAA! CHUMA CHAITA,
VITUMBUA VYA KINDI, LANGONI UTAVIPATA!"

Kindi akaruka juu, akamkumbatia Kobe gamba na yote.

Kule njia panda Kiboko alikuwa akifanya kazi kama hajawahi kufanya kazi. Kila aliyepita alimtia kitumbua mkononi. Punda akaonja, twiga akaonja, nguruwe pori wakaonja na kurudia. Mzee Kifaru alisimama nyuma yake, akihesabu mafundo kwa pembe, na kila Kiboko alipotaka kupumzika alimsukuma, "Mara ya tatu bado, shemeji! Usipunguze!" Sauti ikavuka mto, ikavuka milima. Wanyama ambao hawakuwahi hata kusikia habari za gulio hili walifunga milango yao, wakawaita majirani zao, wakaja.

Wakaja wapi? Wapi tena kama si langoni!

Foleni ikapita mti, ikapita zizi, ikapinda, ikashuka hadi mtoni. Kindi alikaanga, Kobe alipokea pesa, na kila mteja aliulizwa, "Karibu sana. Nani amekuelekeza?"

"Bwana Kiboko!"

"Na wewe, kaka?"

"Bwana Kiboko! Ana sauti yule!"

Karibu na adhuhuri Kiboko alirudi kibandani kwake kisimani akiwa hoi, jasho linamtiririka, akifikiri atakuta umati. Akakuta kenge mmoja amelala. Akangoja. Akaichungulia kamba, akaitikisa. Akamuuliza yule kenge, "Nani amekuelekeza kwangu?"

"Hakuna," kenge akajibu. "Hapa pana utulivu."

Hapo baragumu likalia, puuu! Kifaru akasimama kati ya kisima na lango. Akatazama huku: kenge. Akatazama kule: hakuona mwisho. Wanyama wote walikuwa wakimtazama, na wengi walikuwa wageni waliotoka mbali. Kupindisha maneno mbele ya macho yale hakuwezekana, hata kwa mwenye pembe.

"Lango ni la Kindi," akasema kwa sauti ndogo.

Msitu ukalipuka kwa vigelegele. Kiboko akaja mbio, ardhi inatetemeka. "Umenidanganya! Umenipa kamba mbovu!"

Kindi akapanda juu ya beseni ili aonekane. Safari hii hakutetemeka.

"Kamba ni nzima, Bwana Kiboko. Watu wote hawa imewaleta. Nilikwambia ni utaratibu wa kuitangaza biashara yangu. Yangu! Na umeitangaza vizuri kuliko mimi mwenyewe." Akachukua kitumbua cha moto, akakiweka juu ya jani, akamnyooshea. "Hiki ni chako. Fundo la tano. Kila anayeniletea mteja namshukuru."

Kicheko kilichopigwa hapo, wanangu, kiliangusha matunda mitini. Kiboko akaangalia kitumbua. Akaangalia umati. Akapokea, kwa sababu kilinukia mno, akakimeza mara moja, glup! Kisha akageuka akateremka mtoni, akajitosa, chubwi! Akabaki na matundu ya pua tu juu ya maji.

Naye Kindi hakukaa kumcheka. Foleni ilikuwa ndefu na chuma kilikuwa kinaungua.

Basi na ninyi shikeni hili: ukiiga kazi ya mtu bila kuielewa, unamfanyia yeye.