Mpira Mmoja wa Vuria

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, timu ya raga ya Vuria, huko milima ya Taita, ilikuwa ikibisha hodi kwenye ligi kuu mwaka wa saba. Inabisha, inarudishwa. Inabisha, inarudishwa. Nahodha wao, Mwanyumba, alianza akiwa na nywele kichwa kizima. Sasa upara umefika kisogoni na ligi kuu hajaionja. Alikuwa amesema huo ndio mwaka wake wa mwisho, na kila aliposema hivyo moyo ulimuuma.

Kisa cha kwanza kilikuwa uwanja. Vuria walichezea mteremkoni, wakienda wanapanda, wakirudi wanateleza. Wakubwa wa ligi walikuja kukagua, wakasema bila uwanja tambarare hakuna ligi kuu. Na mlima mzima ulikuwa na kipande kimoja tu tambarare, shamba la kabichi la mjane Mkawasi. Mwanyumba akaenda kumwomba. Akazungumzia mvua, akazungumzia mbuzi.

"Mwanangu," Mama Mkawasi akamkatiza, "sema unataka shamba."

"Nataka shamba, mama."

"Basi ngoja nivune."

Akavuna, asipande tena. Msimu mzima alinunua kabichi sokoni kama mtu wa mjini.

Kisa cha pili kilikuwa Mghendi, mpigaji wao wa mikwaju. Miaka yote alipiga akiwa mteremkoni, mguu wa kushoto juu, wa kulia chini. Kwenye shamba la Mama Mkawasi, mipira yake yote ikaenda kombo. Watu walimcheka mpaka akakonda. Alihangaika peke yake miezi mitatu, mwishowe akakata kipande cha ndara kuukuu akakitia ndani ya kiatu cha kushoto. Mlima ukamrudia mguuni, na mipira ikanyooka.

Ikafika mechi ya mwisho. Atakayeshinda anapanda, atakayeshindwa anarudi kwao. Wageni walitoka ziwani, na nahodha wao alikuwa Oyugi, mtu mrefu wa sauti ya upole. Ukungu nao ukashuka. Wageni wakiongoza kumi na mbili kwa kumi, Mwasi wa Vuria akachomoka mbio, akaanguka na mpira nyuma ya mstari. Refa akapuliza, ni trai, pointi tano. Watu wakarukaruka. Mwasi akainuka, akamwendea refa.

"Mpira uliniponyoka kabla haujagusa chini," akasema.

Trai ikafutwa. Mwanyumba alimpenda Mwasi kama ndugu, na saa hiyo angeweza kumzaba kofi.

Dakika ya mwisho Vuria wakapata penalti. Mghendi akapiga, mpira ukaingia ukunguni, ukapotea. Msaidizi mmoja wa refa akainua kibendera, mwenzake hakuinua, na refa mwenyewe hakuona kitu. Akamgeukia Oyugi, aliyekuwa amesimama karibu na milingoti.

Oyugi alimtazama Mwasi. "Mpira umepita katikati," akamwambia refa. "Yule alisema kweli ikamuuma. Na mimi nasema."

Kumi na tatu kwa kumi na mbili. Vuria wakapanda ligi kuu, na Mwanyumba akalia mbele ya watu wala hakujificha.

Sasa, Vuria wana desturi yao. Mpira wa mechi kubwa hupewa mtu mmoja, autundike juu ya mlango wake, na kila msimu wachezaji hupita kuugusa. Nao haukatwi vipande kama mkate.

"Apewe Mama Mkawasi," wakasema wanawake wa sokoni. "Bila shamba lake mngechezea wapi?"

Mghendi akavua kiatu, akawaonyesha ile ndara. "Nimechekwa miezi mitatu. Bila mguu huu mngepanda na nini?"

Mwasi hakudai kitu. Aliyesimama ni mkewe, Wakesho. "Bila ukweli wa mume wangu, mkwaju wako, shemeji, ungemezwa na ukungu."

Ndipo Mama Mkawasi mwenyewe akauliza, "Na yule mgeni? Sisi sote tulitoa tukapata. Yeye katoa, kakosa."

Watu wakageuza shingo. Kule barabarani Oyugi alikuwa akipakia mabegi kwenye basi, na dereva ameshawasha injini. Mwanyumba, mpira kwapani, bado umelowa ukungu, akapiga hatua moja, akasimama.

Haya, nyinyi mnaonitazama, udakeni huo mpira. Je, mngempa nani?